Kwa nini mfanyakazi mbunifu nyumbani anakuwa kimya akifika kazini?

#1 Msimamizi wa Zamu
Salaam wanajukwaa. Nasimamia zamu katika kiwanda cha vifungashio jijini Dar es Salaam, na kuna jambo ningependa tulijadili kwa kina, kwa sababu naamini haliko kwetu peke yetu. Karibu na mlango wa kantini kuna sanduku la maoni lenye kufuli. Kila mwisho wa mwezi ofisi ya utumishi hulifungua, na kinachokutwa humo ni malalamiko ya maharage yasiyoiva, karatasi za pipi na mara mojamoja barua ya kumchongea mtu. Tangu nipewe usimamizi sijaona wazo hata moja la kuboresha kazi yenyewe.

Sasa watazameni watu haohao wakishatoka getini. Mwendesha mashine mmoja wa zamu yangu ametengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa friji bovu, balbu mbili na kidhibiti joto alichonunua Kariakoo, na trei za mayai zinageuzwa na mota ya waipa ya gari. Dada mmoja wa upande wa kufungasha ni katibu wa kikoba, naye ndiye aliyebuni utaratibu wa kuandika hisa, mikopo na faini kwa kalamu za rangi tofauti ili hata mwanachama asiyejua kusoma vizuri aweze kufuatilia fedha yake. Watu wa namna hii wakivaa ovaroli wanasubiri kuambiwa la kufanya.

Ninachodai ni kwamba uwezo upo, na kwamba kuna kitu mahali pa kazi kinachoufunga. Naomba mnisaidie kukijua.

#2 Fundi Mitambo
Mkuu, mawazo yanaibwa, basi. Niliwahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha vinywaji ambacho sitakitaja. Kwenye kona ya mkanda wa kusafirishia, chupa tupu zilikuwa zikianguka na kuziba njia, nasi tukilazimika kusimamisha mtambo kila mara ili kuziinua kwa mkono. Mwenzangu mmoja alikata kipande cha dumu la plastiki, akakipasha moto hadi kikakunjika, akakifunga upande wa nje wa kona ili chupa ziteleze badala ya kugonga chuma. Chupa zikatulia.

Baadaye walikuja wageni kutoka makao makuu, na mhandisi wetu akawaonyesha kona ile akieleza jinsi yeye alivyolifikiria tatizo hilo kwa muda mrefu. Mwenye wazo alikuwa amesimama hapo karibu na ufagio mkononi. Hakusema neno, na hadi alipoacha kazi hakubuni tena kitu. Sisi tulioshuhudia nasi tulijifunza kukaa kimya bila kufundishwa na mtu.

#3 Hesabu Safi
Pole kwa mwenzako, Fundi. Hata hivyo nadhani kilichomuuma si sifa peke yake, na mfuko wake pia uliguswa. Mfanyakazi hodari wa Mei Mosi hupewa cheti, pengine na friji au kitita kidogo cha fedha, huku wazo lake likiendelea kumwingizia mwajiri faida miaka yote.

Mfano unaojulikana duniani ni wa Shuji Nakamura wa Japani. Akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Nichia mwanzoni mwa miaka ya 1990, alifanikiwa kutengeneza taa ya LED ya buluu yenye mwanga mkali, jambo lililowashinda wengi, na taa hiyo ndiyo iliyofungua njia ya taa nyeupe za LED tunazowasha majumbani leo. Zawadi aliyopewa na mwajiri kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ilikuwa yeni 20,000, fedha ambazo hazifiki hata dola mia tatu. Alifungua kesi, na Januari 2004 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ikaamuru alipwe yeni bilioni 20. Mwaka uliofuata pande mbili zilimaliza shauri kwa makubaliano ya yeni zipatazo milioni 840. Mwaka 2014 Nakamura alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Ikiwa mtu wa kiwango hicho alipewa yeni 20,000, mwendesha mashine wa Dar es Salaam atarajie nini?

#4 Mwalimu wa Jioni
Ndugu Hesabu Safi, mfano wako ni mzuri, lakini hauonyeshi kwamba fedha huzaa ubunifu. Nakamura alibuni kwanza, kisha ndipo akadai haki yake. Kuna ushahidi kwamba zawadi inayoahidiwa mapema inaweza hata kuudumaza ubunifu.

Mwanasaikolojia Karl Duncker aliunda fumbo ambalo mtu hupewa mshumaa, kiberiti na boksi lililojaa pini, kisha huambiwa abandike mshumaa ukutani bila nta kudondokea meza. Wengi huanza kuhangaika kuuchoma mshumaa kwa pini au kuuyeyusha ili ugande ukutani. Jibu ni kumwaga pini, kulibana boksi tupu ukutani na kusimamisha mshumaa juu yake. Kinachowachelewesha ni kwamba wanaliona boksi kama chombo cha kuwekea pini tu. Mwaka 1962 Sam Glucksberg aliwaahidi baadhi ya washiriki fedha endapo wangefanya haraka, na hao waliochochewa kwa fedha walichukua takriban dakika tatu na nusu zaidi kuliko wale walioombwa tu kusaidia kupima muda. Fedha huyafunga macho yatazame njia moja. Upo pia utafiti wa mwaka 1973 ambapo watu waliopenda kuchora waliahidiwa cheti, na baada ya kukipata hamu yao ya kuchora ikapungua.

#5 Binti Pangani
Asante, Mwalimu, lakini naomba kusahihisha mambo mawili, kwa sababu utafiti huu hurudiwa sana kwenye semina ukiwa nusu. Kwanza, wale waliochora mwaka 1973 katika utafiti wa Lepper, Greene na Nisbett walikuwa watoto wa chekechea, ilhali mleta mada anauliza kuhusu watu wazima wenye ada za shule za kulipa. Pili, Glucksberg alikuwa na toleo jepesi la fumbo lilelile, ambamo pini ziliwekwa nje ya boksi. Katika toleo hilo, walioahidiwa fedha ndio waliomaliza mapema. Kwa hiyo fedha husaidia pale njia inapoonekana, na huzuia pale mtu anapotakiwa kuitafuta njia kwanza.

Kama tunataka ushahidi wa karibu na kwetu, Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack walifanya utafiti Lusaka, Zambia, uliochapishwa mwaka 2014, kwa kuwatumia wasusi na vinyozi waliokuwa wakiuza kondomu za kike saluni kwao. Baadhi waliongezewa faida kwa kila pakiti, na wengine walipewa chati ya kutundika ukutani iliyobandikwa nyota kila walipouza, ili wateja waione. Wenye nyota waliuza karibu mara mbili ya wenzao. Ilikuwa kazi ya kuuza na kuhamasisha, si ya kubuni, kwa hiyo nisingependa mtu aichukue kupita kiasi.

#6 Hesabu Safi
Dada Pangani, nimekuelewa, ila nyota haikubaliwi dirishani wakati wa kulipa karo. Yule msusi wa Lusaka alikuwa na saluni yake tayari. Mwajiriwa wa kima cha chini hana.

#7 Kijana wa Thika
Hamjambo. Kuhusu wizi alioutaja Fundi katika bandiko namba 2, huku Kenya tunajua vizuri. M-Pesa yenyewe ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo kikuu, wakubwa wakaichukua, na hadi leo hajalipwa.

#8 Mama Kamukunji
Bwana Thika, habari hiyo imezunguka miaka mingi lakini haina msingi. Mradi ulianzishwa ndani ya Vodafone, ukiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitoka serikali ya Uingereza, na majaribio yalianza mwaka 2005 pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Shabaha ya mwanzo ilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu. Wakati wa majaribio wakaonekana watu wanatumiana fedha wao kwa wao kwa shughuli nyingine kabisa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya jambo hilo la kutuma pesa nyumbani. Ukitafuta fundisho hapo, tazama kwamba waliokuwa na mamlaka walikubali kuuacha mpango wao wa awali kwa sababu ya walichokiona kwa watumiaji.

Nina mfano mwingine ninaoufahamu kwa karibu zaidi, kwa kuwa nimekulia katikati ya nyundo za jua kali, yaani mafundi wadogo wa sekta isiyo rasmi. Jiko la udongo na bati ambalo sasa liko katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki lilitokana na wazo la jiko la ndoo la Thailand, likabadilishwa jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umbo lake lililobanwa kiunoni lilikuja baada ya majaribio, na mafundi wa bati wa Shauri Moyo ndio waliolifanya litengenezeke kwa bati la mapipa, kwa nyundo na patasi, kwa bei ambayo mama wa kawaida angeimudu. Mafundi hao hawakuwa na meneja wa ubunifu wala sanduku la maoni. Kila mmoja aliona la jirani, akalinakili, akaongeza chake, na faida ikabaki mfukoni mwake siku hiyohiyo. Ndiyo sababu nadhani mleta mada amejijibu mwenyewe, kwamba mwendesha mashine wake anabuni nyumbani kwa sababu vifaranga ni vyake.

#9 Nesi wa Kusini
Sikubaliani na Mama Kamukunji kwamba lazima kitu kiwe chako ndipo ubuni. Wodi si yangu na mgonjwa si wangu, lakini nimeona watumishi wakibuni. Katika hospitali zetu za umma kuna utaratibu wa 5S na Kaizen, yaani kupanga vizuri mahali pa kazi na kuboresha kazi hatua kwa hatua, ulioanzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa ushirikiano na Japani kupitia JICA, kisha ukasambaa nchini. Sehemu nyingine umebaki mabango ukutani, na ninasema hivyo kwa masikitiko. Sehemu nyingine unafanya kazi.

Kwetu tatizo lilikuwa toroli ya dharura. Usiku mgonjwa akizidiwa, unavuta droo na kukuta bomba la kupumulia halipo, kwa sababu wodi ya jirani waliazima na hakuna aliyekumbuka. Mhudumu mmoja wa usafi wa vifaa alishauri tuweke kitambaa cheupe cha plastiki ndani ya kila droo na kuchora kwa maka peni umbo la kila kifaa mahali pake. Tangu hapo kifaa kikikosekana mchoro wake unabaki mtupu, na aliye zamu anauona hata akiwa na usingizi. Aliyetoa wazo hilo ndiye aliyekuwa wa chini kabisa katika wodi. Alisema kwa sababu muuguzi mkuu wetu, kila asubuhi wakati wa makabidhiano, humuuliza kila mtu jambo lililomsumbua usiku, na likiwa la kujaribika linajaribiwa wiki hiyohiyo.

#10 Mkaguzi Mstaafu
Nesi ana bahati kwamba maka peni haihitaji kasma, yaani fungu lake katika bajeti. Nimekagua hesabu za taasisi za umma hadi kustaafu, na naomba wenzangu wa sekta binafsi waelewe hali ilivyo upande ule. Afisa anayetumia fedha ya kasma moja kufanya jambo lenye manufaa lililo chini ya kasma nyingine, bila kibali, atapata hoja ya ukaguzi hata kama ameokoa mamilioni. Afisa ambaye hakufanya lolote hapati hoja. Mimi mwenyewe niliziandika hoja hizo, na nilipaswa kuziandika, kwa sababu bila nidhamu hiyo fedha ya umma ingeliwa kwa jina la ubunifu. Lakini lazima tukiri kwamba mtumishi mwenye akili husoma taarifa zetu na kuhitimisha kwamba kutulia kuna usalama zaidi kuliko kujaribu.

Upimaji wa utendaji nao, tangu OPRAS ulioanza mwaka 2004 hadi PEPMIS wa sasa, unategemea malengo yanayowekwa mwanzoni mwa mwaka. Wazo linalozaliwa Februari halina mahali pa kuandikwa.

#11 Mzee wa Ubungo
Vijana, naona mnazungumza kana kwamba suala hili ni geni. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 ndio uliounda mabaraza ya wafanyakazi ili watu wa viwandani washauri kuhusu uzalishaji na uendeshaji. Mwaka uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa mjivuni, mwenye dharau na mnyapara. Nilikuwa kijana katika kiwanda cha nguo wakati huo. Ibara ile ilisomwa kantini, na watu waliikariri kwa namba yake.

Kilichofuata mnapaswa kukijua. Kati ya mwaka 1971 na 1973 wafanyakazi waligoma sehemu nyingi, mara nyingi kwa sababu ya dharau ya mameneja kuliko mshahara, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Baada ya hapo migomo ilizimwa, na mabaraza yakabaki vikao ambavyo ajenda zake ziliandaliwa na menejimenti. Hata leo baraza la wafanyakazi katika taasisi ya umma hukutana hasa kupitisha bajeti. Mnapouliza kwa nini watu wako kimya, ulizeni pia walipozungumza walijibiwa vipi.

#12 Fundi Mitambo
Shikamoo Mzee. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa viwandani miaka hiyo, naye aliwahi kunitajia ibara hiyo ya 15 bila mimi kuelewa ni ya nini. Asante.

#13 Kijana wa Singida
Naona mnaikwepa sababu iliyo wazi, ambayo ni malezi. Mtoto wetu akiuliza sana huambiwa ana mdomo. Darasani anakariri alichoandika mwalimu ubaoni, na akijibu kwa njia yake anakosa alama. Mtu huyo akifikisha miaka thelathini na mitano, sanduku la maoni haliwezi kumbadilisha. Mkubwa akisema, mdogo anasikiliza, na kiwanda kinayapokea malezi hayo yalivyo.

#14 Nagoya Mpaka Bandarini
Ndugu wa Singida, kama heshima kwa wakubwa ingekuwa inazuia ubunifu, Wajapani wasingebuni chochote. Nimeishi Nagoya miaka mingi nikishughulika na usafirishaji wa magari, na sijaona mahali ambapo mdogo humwinamia mkubwa kama pale. Hata hivyo Toyota ina utaratibu wa mapendekezo ya wafanyakazi tangu mwaka 1951, baada ya Eiji Toyoda kwenda Marekani mwaka 1950 na kuuona utaratibu kama huo kwenye viwanda vya Ford. Mwaka huo huo wa 1950 Toyota ilikuwa imepunguza wafanyakazi kwa wingi, mgomo mkubwa ukatokea, na mwanzilishi wake Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Baada ya hapo kampuni ilijenga desturi ya kumlinda mfanyakazi asipoteze ajira. Nadhani mambo hayo mawili hayatenganiki. Mtu hatapendekeza njia ya kufanya kazi ya watu watano kwa watu watatu ikiwa anajua wawili watafukuzwa, na mmoja wao huenda ni shemeji yake.

Ushahidi mzuri uko Fremont, California. Kiwanda cha General Motors cha hapo kilifungwa mwaka 1982 kikiwa na sifa mbaya ya ubora na utoro uliofikia karibu asilimia 20. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi. Utoro ukashuka chini ya asilimia 5, na ubora ukakaribia ule wa Japani. Kila mfanyakazi alikuwa na kamba juu ya kichwa chake, na akiona kasoro aliruhusiwa kuivuta, kiongozi wa kikundi akaja mbio kumsaidia, na tatizo lisipotatuliwa mstari mzima ulisimama. Mauzo yalipopungua mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufukuzwa. Waliwekwa kwenye mafunzo na vikundi vya kuboresha kazi. Watu wazima wale hawakulelewa upya. Mazingira ndiyo yaliyobadilishwa.

#15 Kijana wa Singida
Kaka Nagoya, hoja ya Fremont ni nzito, lakini wale walikuwa Wamarekani, na kulalamika mbele ya bosi hakukuwa kugeni kwao. Kamba ile ifungwe hapa, kisha tuone nani ataivuta wa kwanza.

#16 Msanifu Programu
Kwa upande wa kazi za ofisini, kinachokosekana ni muda. Kampuni ya 3M ya Marekani tangu mwaka 1948 imewaruhusu wataalamu wake kutumia asilimia 15 ya saa za kazi kwa mambo wanayoyataka wenyewe, na humo ndimo mtu mmoja alimobuni vikaratasi vya kunata tunavyobandika mezani. Nani hapa anapewa hata saa moja ya kufikiri? Simu ya bosi inaingia saa nne usiku, na asubuhi unaulizwa ripoti.

#17 Binti Pangani
Msanifu, haikuwa mtu mmoja, na tofauti hiyo ina maana kwa mada yetu. Spencer Silver alipata gundi hafifu mwaka 1968 alipokuwa akitafuta gundi kali, na kwa miaka kadhaa alizunguka ndani ya kampuni akiwaeleza wenzake bila kupata matumizi yake. Mwaka 1974 Art Fry, aliyekuwa amemsikia Silver akiieleza gundi hiyo, ndiye aliyeihusisha na vikaratasi vya kuwekea alama, baada ya alama zake kudondoka kila mara kwenye kitabu cha nyimbo za kwaya. Bidhaa iliingia sokoni kote Marekani mwaka 1980. Muda ulisaidia, lakini Silver asingekuwa na ruhusa ya kuendelea kukieleza kitu kisicho na kazi, Fry asingekisikia. Katika ofisi zetu, ukileta wazo mara ya pili baada ya kukataliwa unaonekana msumbufu.

#18 Wakili wa Nakuru
Nimeombwa kwa ujumbe wa faragha nieleze sheria inavyosema. Kwa Kenya, kifungu cha 32 cha Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 kinampa mwajiri haki ya hataza ya uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa ajira, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mfanyakazi ambaye mkataba wake haumtaki avumbue, lakini akavumbua kwa kutumia taarifa au nyenzo za mwajiri, naye hupoteza hataza kwa mwajiri, ila ana haki ya malipo yanayozingatia mshahara wake, thamani ya uvumbuzi na manufaa aliyoyapata mwajiri. Wanaoijua haki hiyo ni wachache mno, na hilo linanikera. Tatizo la mwenzake Fundi katika bandiko namba 2 ni tofauti, kwa sababu kipande cha dumu kilichokunjwa hakielekei kufikia vigezo vya hataza. Sheria haimlindi, na kilichobaki ni uungwana wa mhandisi au kanuni za kiwanda.

#19 Mzee wa Ubungo
Mleta mada, nimekusoma tangu mwanzo na nina swali ambalo hakuna aliyekuuliza. Katika zamu yako, wangapi wana ajira ya kudumu?

#20 Msimamizi wa Zamu
Mzee, shikamoo. Walio wengi wameletwa na wakala kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Yule wa mashine ya vifaranga ni mmoja wao, na mkataba wake huhuishwa au usihuishwe kwa uamuzi ambao hata mimi sishirikishwi. Kabla ya swali lako sikuwa nimeliweka jambo hilo kwenye hesabu. Nakiona kisa cha Nagoya kuhusu Toyota ya mwaka 1950 kwa namna nyingine sasa. Hata hivyo naomba Nesi anieleze jinsi wanavyojibu wazo lisilowezekana, kwa sababu nahofia nikianza kuuliza kila asubuhi nitapata mengi ambayo sina mamlaka nayo.

#21 Nesi wa Kusini
Muuguzi mkuu ana daftari la kaunta lenye safu tatu: nani amesema, amesema nini, na jibu. Lisilowezekana huandikiwa sababu yake, kwa mfano kwamba linasubiri bajeti au liko juu ya mamlaka ya wodi, na aliyelisema husomewa jibu hilo mbele ya wenzake. Daftari linakaa mezani, na yeyote anaweza kulifungua. Jina likishaandikwa pale, mhandisi wa Fundi asingeweza kulichukua wazo kirahisi.

Kuhusu swali la Mzee, mhudumu niliyemtaja katika bandiko namba 9 hakuwa na ajira ya aina yoyote. Alikuwa akijitolea kwa posho ya nauli.

#22 Nagoya Mpaka Bandarini
Hapo umeniweka pagumu, Nesi. Kwa maelezo yangu, huyo ndiye angekuwa wa mwisho kusema.

#23 Hesabu Safi
Pengine alisema akitumaini kuajiriwa, na hilo nalo ni malipo yanayotarajiwa. Je, aliajiriwa?

#24 Nesi wa Kusini
Bado. Ajira hutoka wizarani, si wodini, na yeye analijua hilo tangu siku ya kwanza. Mwezi uliopita ameleta pendekezo jingine kuhusu namna ya kupanga mafaili ya wagonjwa wanaorudi kliniki, nasi tunalijaribu.

#25 Mwalimu wa Jioni
Basi Hesabu Safi aniambie ni malipo gani hayo, maana hata tumaini la ajira halimo mikononi mwa waliomsikiliza.

#26 Fundi Mitambo
Na mimi naomba kuuliza: siku muuguzi mkuu huyo atakapohamishwa, daftari litabaki mezani au litaondoka naye?